Rezista Juu ya Sinia

Taa mbili ndogo za gari ziliwaka juu ya meza ya mjukuu wangu, nyeupe, kali, hata vumbi la dirishani likaonekana punje kwa punje. Mwanangu, ambaye mtaa mzima unamwita Cheche, alikunja mikono kifuani akaziangalia kama mtu aliyezizaa. Bi Sindano, mshonaji, shoga yangu tangu sote wawili tuna meno yote, aliinuka kitini akaanza kujifunga vizuri mtandio wake, tayari kuondoka. Mjukuu wangu peke yake hakuzitazama taa. Alilitazama lile boksi jeusi lililokuwa likiziwasha, akalitazama kama mama anavyomtazama mtoto anayesema ameshiba na sahani haijaguswa.

"Limepona hilo," Cheche akasema. "Volti ishirini na nne zimekaa, taa zinawaka. Mpe mwenyewe aende."

"Bado, Mjomba."

Neno hilo alilisema kwa sauti yake ile ndogo, ambayo ukiwa na maji jikoni yanachemka huisikii. Tangu alipofungua karakana yake kwenye chumba chetu cha mbele, mimi ndiye niliyekuwa sauti yake. Ninakaa mlangoni na mboga zangu za kuchambua. Mteja akiingia, ninamkaribisha mimi. Akiuliza litakuwa tayari lini, ninamjibu mimi. Akilalamika, ananikuta mimi. Yeye huinamia meza yake akaendelea na kazi. Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyomsaidia mtoto aliyemlea.

Boksi lenyewe, pawa saplai kama mafundi wanavyoliita, kazi yake ni kuuchukua umeme mkali wa ukutani na kuupoza mpaka kiasi ambacho mashine inakihimili. Hili lilikuwa la mashine ya kupumulia, ile inayochuja oksijeni kutoka hewani, ya mume wa Bi Sindano. Yule mzee aliendesha treni tangu ujana wake mpaka mapafu yakasema basi, na jina la Bwana Reli likabaki naye hata baada ya reli kumwacha. Boksi lilipoungua, zahanati ilimwazima mtungi wa oksijeni. Asubuhi hiyo mshale wa mtungi ulikuwa umeshainamia upande wa mwisho. Jioni ingeukuta mtungi mtupu. Nami nilikuwa nimemwambia shoga yangu, tena kwa kinywa kipana, kwamba aje mchana atalikuta boksi lake tayari.

"Bado nini, mwanangu?" Bi Sindano akauliza. "Si linawaka hilo?"

"Anataka kulifuta vumbi tu, shoga," nikajibu mimi. "Kaa kidogo."

Mjukuu wangu akanigeukia. "Sifuti vumbi, Bibi. Sijui kama linaweza kubeba."

"Kubeba nini tena?" Cheche akauliza.

"Mashine ya Bwana Reli inakula ampea nne. Hizi taa zako mbili hazifiki hata nusu. Mtu amesimama wima, kichwani hana kitu, wewe unamsifia shingo. Mtwike kwanza."

Cheche akacheka. Yeye ndiye aliyemfundisha mpwa wake kushika chuma cha kulehemu alipokuwa bado anasimama juu ya ndoo ili aione meza, kwa hiyo maneno ya mpwa wake yalimfurahisha kuliko kumkera. "Kumbe unataka ampea," akasema. "Ngoja nikupe ampea."

Akaichukua mita, akauhamisha waya mwekundu mpaka kwenye tundu la ampea, na kabla mjukuu wangu hajaizunguka meza, akazigusisha ncha mbili za mita moja kwa moja kwenye midomo miwili ya boksi, kama alivyowaona mafundi wote wa mtaa wetu wakifanya na kama alivyofanya yeye mwenyewe kwenye betri ndogo ndogo za redio akapona.

Kikasikika kitu kidogo, *ta*, kama ukucha ukikatwa. Cheche ya buluu ikaruka. Taa zikazima, na kioo cha mita kikabaki na sifuri.

Chumba kikanuka waya ulioungua.

"Nilikuwa naijaribu fyuzi ya mita," Cheche akasema. "Inafanya kazi."

Mjukuu wangu hakucheka wala hakukasirika. Alichomoa boksi ukutani, akaitwaa mita mkononi mwa mjomba wake taratibu, namna mtu anavyomnyang'anya mzee kisu. "Mita ya ampea inakaa njiani, Mjomba. Umeme unapita ndani yake ukienda kwenye mzigo. Wewe umeiweka mdomo kwa mdomo, hapana mzigo, hapana chochote. Umeme umeona geti liko wazi, umetoka wote kwa mkupuo. Shukuru boksi lina ulinzi wake, likajizima. Lingekuwa betri kubwa, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Basi limenizidi akili," Cheche akasema, akijipuliza vidole ambavyo havikuungua.

Boksi lilipoachwa kidogo na kuchomekwa tena, lilirudisha volti zake ishirini na nne kama halikutukanwa. Mita nayo bado ilisoma volti vizuri. Ni upande wa ampea tu uliokufa, na fyuzi ya aina ile hatukuwa nayo.

Bi Sindano alikaa chini kwa uzito. "Sasa si mmenichelewesha bure? Mume wangu yuko na binti yetu, anahesabu pumzi. Shoga, ongea na mtoto wako."

Nikaongea naye. Nilimsogelea pale mezani nikamnong'oneza, "Mke mwenza, mpe tu. Nimeshamwahidi."

Ninamwita mke mwenza tangu yuko matitini, na yeye hunijibu kwa kunidai zamu ya kupika. Siku hiyo hakunidai zamu. Alinitazama machoni, akaniambia kwa sauti ileile ndogo, "Bibi, hili likizimika usiku, Bwana Reli hatamwita mtu. Hana pumzi ya kuita."

Nimeishi miaka mingi, nimeambiwa mengi, mengine ya kuniumiza na mengine ya kunituliza. Maneno haya hayakuwa ya upande wowote. Yalikaa tu ndani yangu mahali ambapo ahadi yangu ilikuwa imekaa, yakaisukuma, ikatoka. Nikamuuliza, "Unahitaji nini?"

"Sinia lako lile pana."

Sinia hilo ni la aluminiamu, marehemu mama yangu aliniachia, limebeba chakula cha kila harusi na kila msiba wa ukoo wetu. Nililitoa kabatini, nikalipangusa kwa khanga ingawa halikuwa na vumbi, nikampa. Drili ilipolitoboa niliihisi kwenye jino.

Rezista zilikuwa nne, za rangi ya dhahabu, kila moja nene kama kidole gumba cha mwanamume, zenye mabawa ya kukazia skrubu. Nilikuwa ninaziona humo kwenye droo yake siku zote, nikidhani ni vifaa vya mapambo. Kazi ya rezista, alituambia huku akikaza, ni kuuzuia umeme na kuugeuza joto. Ukiunganisha rezista zinazofaa, boksi litafikiri limeshikwa na mashine yenyewe, litatoa jasho kama litakavyotoa jasho huko, ila hapa likianguka hafi mtu. Akazipaka mgongoni dawa nyeupe ya kupitisha joto, akazikaza juu ya sinia ili joto lipate uwanja wa kukimbilia, akaziunga mkia kwa mkia. Sinia akaliweka juu ya matofali mawili. Akasogeza pazia, akaondoa karatasi na kitambaa cha kufutia, akaweka feni ndogo pembeni. Halafu akamwomba Bi Sindano asogeze kiti.

"Zitakuwa za moto kama pasi," akasema. "Asiguse mtu, hata nikishazima. Joto halina haraka ya kuondoka."

"Na ampea utazisoma wapi?" Cheche akamuuliza. "Mita si nimeshaiua?"

"Hujaiua, umeijeruhi. Rezista nimezipima, zote pamoja kizuizi chake ni omu sita. Volti mita inazisoma. Ukizijua hizo mbili, ampea zinajileta zenyewe: volti gawanya kwa sita. Bibi, ishirini na nne kwa sita?"

"Nne," nikasema, kabla Cheche hajafungua mdomo.

Shule niliiacha mapema, kwa sababu ambazo wasichana wa rika langu wengi wanazijua. Lakini kugawanya nilikufikia, na mwalimu wetu alikuwa hamwachi mtu apite penye kugawanya hivi hivi. Sikuwahi kufikiri kwamba hesabu ile ilikuwa inanisubiri kwenye chumba changu mwenyewe.

"Basi kazi ya ampea ni yako," mjukuu wangu akasema. "Mimi nitasoma volti, wewe unagawanya."

Akawasha.

"Ishirini na nne."

"Nne."

Kwa muda haikusikika ila feni. Hewa juu ya sinia ikaanza kutetemeka, na harufu ya vumbi linaloungua ikapanda. Cheche alikuwa ameinama, mikono magotini. Bi Sindano hakuelewa namba, ila alikuwa anausoma uso wangu, kama anavyousoma siku zote.

"Ishirini na mbili," mjukuu wangu akasema.

"Tatu na ushee."

"Ishirini na moja. Ishirini."

"Tatu na ushee," nikasema tena, "na ushee wenyewe unapungua."

Boksi likaanza kugonga ndani kwa ndani, *tik, tik*, kama mtu anayebisha hodi asiye na hakika na nyumba. Kisha taa yake ya kijani ikafifia, ikazima. Feni, iliyokuwa na umeme wake yenyewe, iliendelea kuzunguka, ikipuliza joto la kitu kilichokwisha kufa.

"Aisee," Cheche akasema polepole.

Bi Sindano alikuwa amezishika ncha za mtandio wake kwa mikono miwili. "Ingekuwa saa amelala," akasema. Hakumwambia mtu. Kisha akanigeukia mimi, kama watu wote wanavyonigeukia mimi katika chumba kile. "Shoga, litapona hili? Niambie ukweli. Jioni hiyo inakuja."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, yale ninayowapa wateja: usijali, kila kitu kitakuwa sawa, mtoto wangu ni hodari. Yalinijaa kinywani kama kawaida. Nikamtazama mjukuu wangu, aliyesimama na mita mkononi, jasho juu ya mdomo, uso umetulia. Nikayameza.

"Fundi ndiye huyo," nikamwambia shoga yangu.

Bi Sindano alinitazama kana kwamba nimemfungia mlango. Kisha akageuka.

Mjukuu wangu alichukua muda kabla ya kusema, na muda ule ulikuwa mrefu kwangu kuliko ujauzito. "Nadhani ni kapasita za upande wa kutolea umeme, vile vikebe vya kuutunza usiyumbe," akasema. "Zikichoka, boksi linasimama vizuri likiwa tupu, likipewa kazi linaanguka. Ninazo nyingine. Nitazibadilisha, kisha nitalipima tena hivi hivi. Likishindwa tena, nitakwambia kukiwa bado kweupe, Mjomba atafute gari, tumpeleke Bwana Reli hospitali. Sitakuambia limepona kama halijapona."

"Nimesikia," Bi Sindano akasema. Akaurudisha mtandio begani, akaongeza, "Afadhali hivyo."

Niliwahi kujisifia mjukuu huyu mara nyingi. Nilijisifia alipofaulu, nikajisifia alipopata cheti, nikajisifia kwa majirani mpaka wakawa wananikimbia wakiniona natoka na cheti mkononi. Fahari ile ilikuwa ya kelele, nilikuwa ninaivaa kama nguo ya sikukuu. Hii ya siku hiyo haikuwa na kelele. Ilinikaza tu mgongo, nikajikuta nimekaa wima kwenye kigoda changu kama msichana aliyeambiwa anatazamwa.

Hakulifungua boksi mara moja. Alilichomoa, akalisubiri, akautoa kwanza umeme uliojificha ndani, kwa sababu boksi, alisema, linaweza kukuuma hata likiwa limechomolewa. Cheche alimshikia tochi. Kwa mara ya kwanza nilimwona mwanangu akiuliza kabla ya kugusa. Walizikuta kapasita mbili zimefura kichwani, kidogo tu, kama ufizi wa mtoto anayetaka kuota jino. Asingezitafuta, asingeziona.

"Mimi nilizipita hizi asubuhi," Cheche akasema.

"Hata mimi nilizipita jana, Mjomba. Mzigo ndio umenirudisha."

Lehemu ikayeyuka, moshi mwembamba ukapanda, vikebe vipya vikaingia mahali pa vile vya zamani. Akazikagua lehemu zake moja moja kwa kioo cha kukuzia. Bi Sindano alikwenda nyumbani mbio mara moja kumtazama mumewe, akarudi akisema mshale umeshuka tena, kisha akakaa palepale bila kumhimiza mtu.

Tukawasha mara ya pili.

"Ishirini na nne."

"Nne."

Sinia likapata moto. Harufu ya vumbi haikuja tena, vumbi lote lilikuwa limekwisha kuungua mara ya kwanza.

"Ishirini na nne."

"Nne."

Jua lililokuwa juu ya meza likateremka kwenye mguu wa meza, likaingia sakafuni. Mjukuu wangu aliendelea kusoma, nami niliendelea kugawanya, ingawa jibu lilikuwa moja na kila mtu chumbani alikuwa ameshalijua. Sauti yake haikuongezeka ukubwa hata kidogo. Sisi ndio tuliokuwa tumenyamaza kiasi cha kuisikia.

"Nadhani inatosha sasa," Cheche akasema. "Limekwisha kuonyesha."

"Kaa chini, Cheche," Bi Sindano akamwambia. "Fundi hajasema."

Cheche akakaa. Mjukuu wangu aliinamisha uso kwenye mita, lakini nilimwona akicheka kwa pembe ya mdomo.

"Mashine haitapumzika usiku," akamwambia mjomba wake kwa upole. "Na hili lisipumzike sasa. Lipate joto lake lote, tuone likiwa na joto linasemaje."

Liliposema alichotaka kukisikia, alizima mwenyewe. Aliliacha sinia mahali pake, akaweka kiti mbele yake ili asipite mtu akaligusa, akalichukua boksi, na sote wanne tukatoka kwenda kwa Bi Sindano, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Bwana Reli alikuwa ameegemezwa mito, mipira miwili myembamba ikiingia puani, na mshale wa mtungi ukiwa umelala kabisa. Binti yake alitupisha. Mjukuu wangu alipiga goti kando ya mashine, akaunganisha boksi, akabonyeza. Mashine ikavuta hewa, ikaguna, ikaanza ule mwendo wake wa kwenda na kurudi. Bi Sindano akauhamisha mpira kutoka kwenye mtungi mpaka kwenye mashine. Tukamtazama kifua.

Mzee alikuwa na kazi ya kuvuta hewa kwanza. Rangi ya midomo ilipomrudia, aliyashusha macho mpaka kwa msichana aliyekuwa sakafuni.

"Nani alilipima?" akauliza, neno moja kwa kila pumzi.

Bi Sindano akanitazama. Cheche akanitazama. Mimi nikautazama ukuta, ambao ulikuwa na picha yake Bwana Reli amesimama kando ya kichwa cha treni, kijana, mkono umeshika chuma kama ameshika bega la rafiki.

"Mimi, Babu," mjukuu wangu akasema.

"Ulilipandisha mlima?"

"Nililipandisha."

"Likahema?"

"Mara ya kwanza lilihema, likasimama njiani. Mara ya pili halikuhema."

Mzee akafumba macho. Nilidhani amechoka. "Vizuri, dereva," akasema, kisha akaiachia mashine iendelee.

Bi Sindano akaenda dirishani kulifunga pazia, akakawia huko akiwa ametupa mgongo. Binti yake akaanza kuuviringisha mpira wa mtungi. Mjukuu wangu hakuinuka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boksi, akilisikiliza kwa mkono, na nilipoinama kumuuliza kama tuondoke, alihamisha kiganja kidogo, akanipisha nafasi kando yake.

"Weka mkono, Bibi."

Nikapiga goti, magoti yakalalamika, nikauweka. Lilikuwa na joto la kadiri, joto la paji la uso la mtoto mzima aliyekuwa akicheza nje.

"Linatakiwa liwe hivi?" nikamuuliza.

"Hivi hivi," akasema.

Tukabaki hapo, viganja viwili juu ya boksi moja, mashine ikienda na kurudi.